Utitiri Ndani ya Studio

Studio za Dar zinalipisha kwa saa, na muziki wetu wa jazi fyusheni, yaani jazi iliyochanganywa na roki, hauna adabu na saa. Mpiga kinanda akinogewa na solo, unaweza kwenda kunywa chai ukarudi ukamkuta palepale. Basi bendi ikaamua: albamu ya kwanza tunairekodi wenyewe, chumbani kwangu Sinza, usiku, bajaji zikishalala.

Kikwazo kikawa mwangwi. Chumba cha tofali, sakafu ya marumaru, ukipiga kodi moja ya gitaa inakurudia kama deni. Mpiga ngoma, mtu mwenye dawa hata pasipo na ugonjwa, akasema, "Niachieni mimi." Kesho yake akateremka na trei za mayai, zile za karatasi za mayai 30, zimejaa bajaji mpaka dereva haonekani. Kazitoa bandani kwa shemeji yake, mfugaji wa kuku wa mayai. Bure! Nikamweleza kwamba trei hazizuii sauti kutoka, zinapunguza mwangwi kidogo tu. Akanijibu, "Fundi, wewe piga gitaa." Tukazibandika ukuta mzima.

Usiku feni ikazimwa, maana maiki ya kondensa inanasa hata nzi akipiga chafya. Joto la Dar mnalijua, mashati yakavuliwa. Tukaanza na wimbo wenye mapigo ya saba kwa nane (moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu), ugonjwa nilioambukizwa na Mahavishnu Orchestra, bendi ya jazi fyusheni, kwa albamu yao ya 1971. Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, mpiga ngoma akaongeza pigo ambalo halipo. Mpiga besi, asiyetaka kuonekana mshamba, akalifuata. Kinanda nacho kikafuata. Nikajisemea, kumbe jamaa wamefanya mazoezi kisirisiri! Ndipo kitu kikanichoma kwapani.

Utitiri wa kuku ni kadudu kadogo, hata mwenye miwani anahangaika kukaona. Mchana kanajificha kwenye nyufa, usiku kanatoka kunyonya damu, na kanaweza kukaa miezi bila kula. Hawa wetu walikuwa wamefunga, wakafuturu kwetu. Mpiga gitaa hana mkono wa akiba; nikajikuna kwa ukingo wa gitaa, solo ikaendelea hivyo hivyo.

Mlango ukagongwa. Mzee wa nyumba ya pili, kavaa msuli, tochi mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna mtu anapigwa humu?"

Tukamwambia tunarekodi jazi. Akatumulika mmoja mmoja: wanaume wanne vifua wazi, tumevimba, tunajichapa makofi.

"Jazi ninayoijua mie ni Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe," akasema. "Hii yenu mkaombewe."

Asubuhi tukasikiliza kazi yetu. Makofi yote yameingia, kila kofi na tusi lake, tena yanasikika vizuri kuliko ngoma. Mpiga besi akataka tuyaache, eti ndiyo ladha. Trei zikabanduliwa, zikafungwa kwenye viroba na kuanikwa juani, chumba kikapuliziwa dawa mpaka mijusi ikahama.

Jioni shemeji mtu akapiga simu: kuku wametaga mno, hana pa kupanga mayai, anazitaka trei zake. Nikamwambia zipo zote, hakuna hata moja iliyopungua, ila azifuate mchana.