EPCOT: jina la mji lililorithiwa na bustani

Herufi tano za EPCOT, bustani ya burudani iliyopo Florida, Marekani, ni kifupi cha Experimental Prototype Community of Tomorrow: jumuiya ya majaribio, ya mfano, ya kesho. Hakuna neno hata moja humo linalotaja burudani. Sababu ni kwamba Walt Disney, mtengenezaji filamu na mwanzilishi wa kampuni ya Disney, alikusudia kuliweka jina hilo juu ya mji wa watu 20,000, wenye nyumba, shule, makanisa na viwanda. Mji haukujengwa. Bustani iliyolirithi jina ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982, na mabishano hayajaisha: wapo wanaoona jina limeporwa, na wapo wanaoona limepata pa kuishi.

Kabla ya kuchukua upande, tuutazame mji wenyewe, maana wengi huutetea bila kuujua. Katika filamu aliyorekodi Oktoba 1966, Disney aliueleza kama gurudumu. Kitovuni kuna hoteli ya ghorofa 30, na kuizunguka kuna maduka na ofisi kwenye ekari 50 zilizoezekwa paa moja, ili mvua na joto la Florida visiingie. Nje yake kuna majengo ya ghorofa, halafu ukanda wa kijani wenye shule na viwanja, kisha nyumba za familia zilizopangwa kama petali. Watu wangetembea juu. Magari yangepita ngazi ya chini ya ardhi, na malori ngazi ya chini zaidi. Kutoka nyumbani hadi kitovuni wangepanda PeopleMover, vibehewa visivyo na injini ndani yake. Mota zimefungwa kwenye njia, na magurudumu yake husukuma behewa kutoka chini, kwa hiyo mota moja ikifa, ya mbele yake inaendelea na kazi na msafara hausimami. Hili halikuwa ndoto tupu: mfumo huo ulianza kubeba abiria Disneyland, California, mwaka 1967.

Mawazo hayo yalikuwa na wazee wake. Ebenezer Howard wa Uingereza alichora miji ya duara yenye mikanda ya kijani tangu mwisho wa karne ya 19, na msanifu Victor Gruen alikuwa akihubiri katikati ya miji pasipo magari. Disney aliongeza uzoefu wa Maonesho ya Dunia ya New York ya 1964 na 1965, ambako kampuni yake ilitengeneza mabanda manne kwa fedha za wafadhili. Hapo alijifunza kwamba makampuni makubwa yako tayari kulipa ili yaoneshe kesho yao.

Kasoro kubwa ya mji huu haikuwa ya uhandisi. Ilikuwa ya utawala. Hakuna mkazi ambaye angemiliki ardhi. Wote wangekuwa wapangaji, na wote walitakiwa kuwa na kazi, hata wastaafu wasiwe na nafasi. Asiye na ardhi asingekuwa na kura. Mantiki yake inaeleweka: ukitaka kubadilisha jiko la kila nyumba kila teknolojia mpya inapotoka, huwezi kusubiri mwenye nyumba akubali. Lakini mtu anayebadilishiwa jiko bila kuulizwa anajaribiwa yeye, si jiko. Kwangu mimi hapa ndipo neno jumuiya lilipokufa, likiwa bado kwenye karatasi.

Wakosoaji wa bustani wana hoja nyingine nzito zaidi, na haipewi uzito wake. Kampuni ilinunua zaidi ya ekari 27,000 kupitia makampuni ya mfukoni ili bei isipande, kwa wastani wa chini ya dola 200 kwa ekari. Disney alifariki tarehe 15 Desemba 1966. Februari 1967 filamu ile ilioneshwa hadharani Florida, na tarehe 12 Mei Gavana Claude Kirk akasaini sheria iliyounda wilaya maalumu ya Reedy Creek. Wilaya hiyo ilipewa mamlaka ya kujenga barabara, mifereji na umeme, kutunga kanuni zake za ujenzi, kukopa kwa hati fungani, hata kujenga uwanja wa ndege. Bodi yake ilichaguliwa na wenye ardhi, kura moja kwa ekari moja. Mwenye ardhi alikuwa nani? Kampuni. Kwa hiyo mji ulitumika kuombea mamlaka, mji haukuja, mamlaka yakabaki hadi 2023, jimbo lilipoichukua bodi hiyo katikati ya ugomvi wa kisiasa.

Upande wa pili nao haukosi haki. Aliyeubeba mji kichwani alikuwa ameondoka, na alichoacha ni michoro ya jumla na filamu, si ramani ambayo mkandarasi angeweza kuisoma. Kaka yake, Roy, aliahirisha kustaafu ili Walt Disney World, eneo la burudani kwenye ardhi hiyo ya Florida, ifunguliwe Oktoba 1971, naye akafariki Desemba mwaka huohuo. Warithi walibaki na swali gumu la kisheria: wakazi 20,000 wa kudumu wangedai kura mapema au baadaye, na kampuni ingeamka siku moja ikiwa chini ya wapangaji wake.

Kilichojengwa, kuanzia Oktoba 1979, kilitokana na mipango miwili tofauti. Mmoja ulikuwa wa mabanda ya sayansi na viwanda, mwingine wa mabanda ya nchi. Wasanifu waliziunganisha modeli za mipango hiyo miwili zikawa bustani moja, na mshono wake unaonekana hadi leo: mbele mabanda ya teknolojia, nyuma mataifa yamezunguka ziwa. Yalianza tisa, Morocco ikaongezwa 1984, Norway 1988. Banda la Afrika ya Ikweta lilipangwa lakini halikujengwa, na mahali pake kuna kituo kidogo tu kati ya China na Ujerumani. Kiswahili kilikuja kuingia katika bustani jirani, Animal Kingdom, mwaka 1998, kwa mji wa kubuni unaoitwa Harambe. Msomaji wetu ataona mara moja kwamba e moja imepotea.

Anayesema bustani ilibuniwa kivivu aende asimame chini ya Spaceship Earth mvua ikinyesha. Ni tufe kamili juu ya miguu sita, na kilele chake kiko mita 55 hivi kutoka ardhini. Ndani kuna tufe lisilopitisha maji, na nje yake ganda la vipande vya pembetatu zaidi ya 11,000, vyenye mapengo membamba katikati. Maji hupenya mapengoni, huingia kwenye mifereji iliyofichwa, hushuka kupitia miguuni na kupelekwa ziwani. Aliyesimama chini halowi. Huo ndio uhandisi ambao mji ungeuhitaji.

Tatizo liko kwenye neno la mwisho, kesho. Kesho hukongoroka haraka, na kuibadilisha kunagharimu. Bustani ilitegemea wafadhili. Mfadhili akiondoka, banda huzeeka hadharani. Horizons, banda lililozungumzia maisha ya baadaye kwa ufadhili wa General Electric, lilifungwa 1999 na kubomolewa. Banda la nishati, lililokuwa na paneli za sola juu ya paa tangu 1982, leo lina treni ya kasi ya kujiburudisha, yenye wahusika wa filamu za Guardians of the Galaxy.

Jina nalo lilipunguzwa hatua kwa hatua. Mwaka 1982 liliandikwa EPCOT Center, na neno Center lilikuwa na kazi: lilidai kwamba eneo zima la Disney ndilo jaribio, na bustani ni kitovu chake. Dai la kujitetea, lakini lilikuwa dai. Mwaka 1994 likawa Epcot '94, mwaka uliofuata Epcot '95, kisha Epcot kwa herufi ndogo, kana kwamba ni neno lisilo na maana nyuma yake. Herufi kubwa zimerudi miaka ya karibuni, Center haikurudi.

Nikipima yote, naona ni heri mji ule haukujengwa, kwa sababu ya kura. Jina libaki, lakini libaki na historia yake. Kipande cha modeli ya mji kipo bado, ndani ya Magic Kingdom, bustani nyingine kabisa, kikionekana kwa sekunde chache kutoka kwenye PeopleMover ya huko. Kihamishiwe EPCOT, karibu na lango, na pembeni yake paandikwe mpangaji wa mji huo angelipa nini, angeishi wapi, na kwa nini asingepiga kura.