Kitonga Ilinifundisha Kusikiliza Malori

Nimekulia Mahenge, hii ya Kilolo mkoani Iringa iliyo chini ya mlima Kitonga, si ile ya Ulanga. Mama alikuwa na kibanda cha chai, maandazi na supu kando ya barabara kuu ya Zambia, na sisi watoto tulilala chumba cha mbele, dirisha likitazama lami. Usiku tulikuwa na mchezo mmoja: lori likiwa bado mbali, kabla mwanga wa taa zake haujagusa ukuta, unataja ni lori gani. Ukikosea, asubuhi unachota maji kwa zamu ya mwenzako. Mwaka wa kwanza nilichota maji mpaka bega likaota sugu. Mwaka wa pili ndoo zikawa za kaka yangu.

Benzi 1113 ilikuwa rahisi kwa sababu injini yake ilikuwa ndogo na ilipayuka haraka haraka, kama mtu mfupi anayegombana. Scania ilijulikana kwa filimbi ya tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Ikianza kuvuta mlima, juu ya mngurumo unasikia sauti nyembamba inayopanda, inapanda, halafu inakatika dereva akibadili gia. Fiat ndiyo iliyotupa shida, maana haikuwa na haraka. Mlio wake ulikuwa mzito, mapigo yakihesabika, kama mzee anayekohoa huku akijua fika kwamba hafi leo. Ungeweza kuisikia kutoka Ruaha Mbuyuni (kaka yangu aliapa hivyo, mimi sijawahi kumwamini), ukapitiwa na usingizi, ukashtuka bado inakuja.

Lakini kilichotuvuta zaidi kilikuwa kile kimya cha kati ya gia na gia. Magiaboksi mengi ya malori ya zamani hayakuwa na kitu cha kulainisha meno yakutane kwa adabu. Ukitaka kushuka gia mlimani ilikupasa ukanyage klachi, utoe gia, uachie klachi, upige mafuta kidogo injini ipande mpaka ilingane na mwendo wa magurudumu, ukanyage klachi tena, ndipo uingize. Yote hayo kwa muda usiozidi pumzi moja, tela likikuvuta kurudi nyuma. Ukiwahi, meno yanasaga. Ukichelewa, gia haiingii kabisa na lori linasimama. Hapo ndipo utingo alipopata riziki yake: anaruka na kigogo mkononi, anakinga tairi la nyuma kabla mzigo haujaanza kuamua wenyewe. Kitandani tulikuwa tunashika pumzi katika kile kimya. Gia ikiingia, tunapumua na dereva. (Waliokuwa wakikinga kwa mawe na kuyaacha pale pale katikati ya barabara, Mungu awasamehe. Mimi bado.)

Siku hizi mtu akiniuliza kwa nini mtu mzima, tena wa kazi ya ofisini, anasimamisha gari kando ya njia ili akapige picha bodi ya lori lililooza, huwa nakosa jibu fupi. Jibu refu linaanza na baba yangu mdogo, aliyeingia barabara hii akiwa utingo miaka ya sitini.

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilijitangazia uhuru. Zambia ilikuwa ikipata mafuta yake na kupitisha shaba yake kwa reli ya kusini inayokatiza Rhodesia, na kwa ghafla mlango huo ukawa si wa kutegemewa. Kwa muda ndege zilibeba mapipa ya mafuta, lakini nchi yenye migodi hailishwi kwa ndege. Mzigo ukaangukia barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma na kuendelea, ambayo wakati huo sehemu kubwa haikuwa na lami. Mapipa yakienda, mikuo ya shaba ikirudi bandarini. Kiangazi vumbi lilifunika lori la mbele yako usilione, masika matope yalikula magurudumu mpaka kwenye difu. Wazungu waliiandika kwenye magazeti yao kuwa ni njia ya jehanamu. Baba mdogo anasema yeye na wenzake walikuwa wakiiita kazi.

Mwaka 1966 ikaundwa Zambia-Tanzania Road Services, kampuni ya pamoja ya nchi hizi mbili, Waitaliano nao wakiwa na hisa. Ndiyo sababu lori lililotawala barabara likawa Fiat 682, "sita nane mbili" kwa lugha ya madereva. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, lilifunguliwa 1968, na reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Kabla ya hapo, jirani yetu alipumua kwa mapafu ya malori.

Fiat walianza kuitoa 682 mwaka 1952, na ina kisa kimoja ninachokipenda mno. Waitaliano hupita upande wa kulia wa barabara, lakini malori yao makubwa ya enzi zile yalikuwa na usukani kulia vilevile, ili dereva kwenye barabara nyembamba za milimani auone vizuri ukingo wa korongo. Kwa hiyo lori lililofikiriwa kwa ajili ya milima ya Alps lilikuja kwetu, tunakopita kushoto, likiwa na usukani mahali panapotufaa. Ile ya N3 ilikuwa na silinda 6, injini ya lita 11 na nusu, na nguvu ya farasi kama 180 hivi. Vichwa vinavyopanda Kitonga leo vina farasi 400 na zaidi. Yaani lile lori lilikuwa na chini ya nusu ya nguvu hiyo, na barabara mbovu mara kumi, na bado lilifika. Halikufika mapema, lakini lilifika.

Nimetaja 1113, na hapa nitatoka nje ya njia kidogo, kwa kuwa nimekutana na madereva wa miaka ishirini kazini ambao hawajawahi kuambiwa namba za kwenye boneti zina maana gani. Kwa Benzi za wakati ule, tarakimu mbili za kwanza ni uzito wa lori na mzigo wake kwa tani, na mbili za mwisho ni nguvu ya farasi ukiongeza sifuri. 1113: tani 11, farasi 130. Scania wana hesabu nyingine. 113 ni injini ya lita 11, kizazi cha 3. 143 ni lita 14, kizazi hicho hicho. 124 ni lita 12, kizazi cha 4, kilichotoka 1995. Ukishajua hilo, foleni ya mizani inakuwa kitabu. Unamwona mzee 112 amesimama nyuma ya 124 na unajua nani ni mjomba wa nani.

Sasa nirudi kwenye lile ninalotaka kusema. Uzuri wa mashine hizi, kwangu, ni kwamba zilikubali kueleweka. Chukua jambo dogo kama upepo kuingia kwenye mfumo wa dizeli. Lori limeishiwa mafuta au mpira umepasuka, umeweka mafuta mengine, injini inazunguka lakini haiwaki. Fundi wa barabarani hahitaji kompyuta. Analegeza skrubu ya kutolea upepo pale kwenye chujio, anapampu kwa mkono, povu linatoka, linatoka, mpaka dizeli inakuja safi bila kiputo. Anakaza. Analegeza nati za nozeli, starta inapigwa kidogo, mafuta yanaruka, anakaza moja moja, na injini inaanza kuwaka silinda kwa silinda: ya kwanza inadunda peke yake kama mtu anayegonga mlango, ya pili inajibu, ya tatu, mpaka zote sita zimeshikana. Nilimwona utingo wa miaka kumi na saba hivi akifanya kazi hiyo mbele ya kibanda cha mama akiwa na spana mbili na kipande cha khanga. Alipomaliza alinawa mikono kwa dizeli, kisha kwa sabuni, akala maandazi manne.

Na ikishawaka, haina haja ya umeme tena. Betri ikifa, lori linaendelea kwenda; ndiyo maana madereva walilaza malori yao kwenye mteremko, asubuhi yakashuka yenyewe na kuwaka kwa gia. Kulizima ulivuta waya.

Katapila za zamani zilikuwa na kiini macho kizuri zaidi. Neno lenyewe maana yake ni kiwavi: mwaka 1904 huko California, Benjamin Holt alijaribu trekta lake la minyororo, na mtu aliyelitazama likitambaa akasema linakwenda kama kiwavi. Sisi tumelichukua jina bila mdudu wake. Katika katapila za aina ya D8 za miaka ya hamsini, injini kubwa ya dizeli iliwashwa na injini nyingine ndogo ya petroli iliyofungwa ubavuni. Unaiwasha ndogo kwanza, unaiacha iungurume, maji yake ya moto yanapita kwenye mwili wa ile kubwa na kuipasha, halafu unaziunganisha. Mtoto anamwamsha mama yake kwa kumpa joto kwanza. Mhandisi aliyebuni hilo alikuwa na moyo, hata kama mwenyewe angekana.

Najua mtakachoniambia, kwa sababu rafiki yangu mwenye gereji hunichana kila tukikutana. Anasema mimi nayapenda malori hayo kwa kuwa sikuwahi kuyalalia chini. Ana haki. Breki zake zilikuwa za kuombea dua, na Kitonga imekula watu wasiohesabika waliokuwa wakishuka tu. Usukani usio na msaada wa haidroli ulimaliza mabega. Bitana za breki zilikuwa na asbesto, na vijana walizipuliza vumbi kwa pampu ya upepo, uso ukiwa hapo hapo, hakuna aliyewaambia hatari yake. Baba mdogo mwenyewe sikio la kushoto halisikii. Kwenye 682 injini imekaa ndani ya kibini, katikati ya dereva na utingo wake, na yeye, alipokuja kuwa dereva, alikaa upande wa kulia wa injini hiyo kwa miaka. Sikio la upande wa dirisha limebaki zima.

Kwa hiyo simwombi mtu ayarudishe barabarani. Ninachoomba ni kidogo kuliko hapo, na pengine ndiyo maana hakuna anayekisikiliza.

Ukienda Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam utakuta magari ya zamani ya viongozi, Rolls-Royce ikiwamo, yamekaa kivulini. Ni sawa. Ukienda Nairobi, makumbusho ya reli yapo tangu 1971, na pale limesimama Garratt namba 5918, kichwa cha treni ya mvuke chenye uzito wa zaidi ya tani 250, kimepewa jina la Gelai, mlima wa kwetu huku kando ya Ziwa Natron. Hilo nalo ni sawa, ingawa linaniuma kidogo. Lakini lori lililobeba pipa la dizeli hadi Copperbelt, kwenye migodi ya Zambia, na kurudi na shaba, mimi sijaliona limewekwa popote nilipopita. Gari lililombeba gavana linafutwa vumbi. Lililobeba mafuta ya kuendesha nchi nzima linauzwa kwa kilo.

Na linauzwa kweli. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita gereji hadi gereji na mitungi yao ya gesi, chasisi inakatwa vipande vitatu, inapimwa, inapelekwa tanuruni na inarudi nondo. Mwaka juzi nilimfuata mzee mmoja mkoani Iringa aliyekuwa na pua ya 682 nyuma ya nyumba, ile yenye urembo wa bati mbele unaofanana na masharubu. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Nilimwomba anisubiri mwezi mmoja nitafute pesa na mahali pa kuiweka. Alisubiri miezi miwili, muungwana yule. Mahali ndipo palipokosekana. Ofisi niliyoiandikia ilinijibu kwa barua nzuri yenye muhuri, ikinishukuru kwa uzalendo.

Ningeulizwa mimi, ningesema Kibaha, ambako kiwanda cha TAMCO kilikuwa kikiunganisha Scania kwa mikono ya Watanzania na ambako barabara yenyewe inapita. Malori manne tu chini ya bati: 682 moja, 1113 moja, Scania moja iliyofungwa pale pale, na Bedford yoyote itakayopatikana. Wazee wapewe viti. Jumamosi moja kwa mwezi iwashwe moja, watoto wa shule wasikie silinda ya kwanza inavyogonga mlango.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia baba mdogo. Nilikuwa na video kwenye simu, ya Waitaliano wanaozifufua 682 na kuzipaka rangi zikang'aa kama vyombo vya harusi, wakizipandisha milimani kwao siku za mapumziko. Macho yake sasa ni ya mtoto wa jicho, hivyo sikumwonyesha. Nikaiweka simu kwenye sikio lake la kulia.

Alisikiliza bila kutikisika. Injini ilipanda, ikapanda, kikaja kile kimya. Mkono wake wa kushoto ukasogea peke yake juu ya shuka, ukatoa gia, ukangoja, ukaingiza. Kwenye simu meno yalisaga.

"Huyu amewahi," akasema. "Mwanangu, mwambie asubiri kidogo. Mlima hauna haraka."

Nikamwambia ni Mtaliano, baba, yuko Ulaya, na lori ni la kwake.

"La kwake, sawa," akasema. "Irudishe nyuma nimsikie tena."