Ulikuwa Mguu Mmoja Tu

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja amekwisha kueneza habari kwamba niliwaangukia wageni nikiwa uchi wa mnyama, nikatua juu ya sinia la samaki, naona heri niyaseme mwenyewe kabla hayajafika kijijini. Sikuanguka. Ulikuwa mguu mmoja, wa kushoto, tena uliishia pajani.

Lile bafu la darini mnalijua, maana nimewachosha kwa picha zake. Fundi alilijenga chini ya paa la mabati, mahali ambapo mtu husimama wima katikati tu. Ukisogea pembeni, kenchi inakukumbusha kimo chako. Hapo katikati aliweka plaiwudi, akanieleza waziwazi kwamba pembeni kote ni jipsamu tupu ya dari ya sebule, isiyoweza kubeba hata paka aliyeshiba. Niliitikia vizuri sana. Kisha, kwa sababu ukingo wa plaiwudi uliniudhi macho, nikatandika mkeka wa plastiki wenye michoro ya vigae kutoka ukuta hadi ukuta, nikaufunika mpaka niliokuwa nimeonyeshwa. Kwenye mteremko wa paa nikabandika karatasi ya gundi yenye sura ya marumaru, niliyoinunua Kibuye kwa muuzaji aliyeapa kwamba haibanduki. Labda aliwaza nyumba za Limuru, kule kwenye baridi. Hapa Kisumu, ambapo ikweta yenyewe inapita hapo Maseno tu, mabati ya saa nane mchana hukaanga.

Jumapili wakaja wakwe. Nilitaka kuwashukia nikiwa nimetakata, kama bwana mwenye mabafu mawili, kwa hiyo nikapanda na beseni la maji, kwa kuwa tangi letu liko chini kuliko bafu na bomba la huko juu hutoa pumzi tu.

Nilikuwa nimejipaka sabuni hadi kwenye kope niliposikia sauti ndogo juu yangu, trrr, kama mtu anayefungua zipu kwa siri. Nikadhani ni mabati yanatanuka. Sauti ikarudi, ndefu zaidi, kisha kitu chenye uvuguvugu kikanigusa bega kwa upole, kikalala mgongoni na kukataa kuondoka. (Ninyi mnaocheka sasa hivi, bado.) Nilipoinua mkono nikivute, mkono nao ukanaswa; nilipogeuka, kikageuka nami; nilipofumbua jicho moja, likajaa povu. Nikarudi nyuma hatua moja. Mkeka ukapokea kisigino, ukabonyea, ukatulia kidogo kana kwamba unafikiri. Nami nikafikiri. Nikayakumbuka maneno ya fundi yote, pamoja na yule paka, na hapo ndipo mkeka ulipochomoka ukutani na jipsamu ikavunjika kama biskuti.

Chini pakawa kimya. Ubao wa dari ulinidaka makalio, mguu ukabaki ukining'inia sebuleni, na povu likaanza kudondoka: tone, halafu tone, nami nikisikia kila moja likitua kwenye sinia. Aliyeketi karibu zaidi alikuwa shangazi wa mke wangu, ambaye kwetu huheshimiwa kama mama mkwe mwenyewe, na ambaye mbele yake sijawahi kulegeza hata kifungo cha shati.

"Mkwe wetu," akauambia mguu, kwa adabu zake zote, "tulidhani utapitia ngazini."

Mashemeji wakapanda na mafuta ya kupikia, wakanibandua. Fundi alikuja Jumatatu, akacheka kwanza, akataja bei baadaye. Samaki waliliwa wote isipokuwa mmoja aliyekuwa na povu machoni, na huyo ndiye rafiki yangu aliyempiga picha anayoizungusha kama ushahidi.