MC na wakwe wa Leeds

Kwenye send-off ya mdogo wetu hapa Dodoma, kamati ilibana matumizi kwenye kipengele kimoja tu: MC. Kazi akapewa binamu. Mimi nikawekwa meza ya wazazi wa bwana harusi, Waingereza wa Leeds, niwe nawatafsiria. Walikuwa wamepanda treni ya SGR kutoka Dar, na sasa kila mmoja alikuwa na glasi ya mvinyo wa zabibu za huku huku, wanatabasamia kila anayepita.

Binamu alikataa kata kata kutafsiriwa. Alikuwa amepekua simu na kuokota semi za Kiingereza zenye kuvuka, kupaa na kwenda mbali, akaamini zote ni sifa. Balaa ni kwamba Mwingereza akikwambia umevuka kitu, mara nyingi analalamika.

"Ladies and gentlemen, our in-laws have gone too far!"

Alitaka kusema wametoka mbali. Hapo "they have come all this way" ingetosha kabisa, tena ingewapendeza. Lakini "too" ni "sana" iliyochacha, na "go too far" anaambiwa mtu aliyepitiliza, aliyekosa adabu. Baba mkwe akaweka glasi mezani, akaniuliza kwa sauti ya chini wamefanya nini. Nikamjibu MC anaongelea kilometa. Akatulia.

Mama mkwe alikuwa na kofia pana ya manyoya, ambayo upepo wa Dodoma ulikuwa umeshaipeleka mpaka kwenye jiko la nyama choma ikarudishwa na mchomaji. Binamu akamwelekezea mkono: "And our mother, she is over the top!"

Kwake yeye, hiyo ni "juu ya wote". Usemi huu ulivuma kwenye Vita Kuu ya Kwanza, askari wakipanda ukingo wa handaki kwenda kushambulia. Siku hizi ni kwa vitu vilivyopitiliza: mapambo, uigizaji, hasira, na kwa bahati mbaya kabisa, mavazi. Waingereza wanautumia hata kwenye meseji kwa herufi tatu tu, OTT. Mama mkwe akavua kofia, akaiweka chini ya kiti.

Ukaja wakati wa wakwe kwenda mbele. Watu wa mapambo walikuwa wametandika utepe mwekundu sakafuni mbele ya jukwaa. Baba mkwe alipouvuka tu, spika zikalia: "Our father has crossed the line!"

Hapa aliponzwa na neno moja alilolisahau. "Crossed the finish line" ni ya mshindi wa mbio. Ukiitoa "finish", inabaki "crossed the line", nayo ni kugusa pasipoguswa: kumtania mfiwa, kumtongoza mke wa mtu, kumtukana bosi mbele ya wafanyakazi. Mzee wa watu akarudi hatua moja nyuma ya utepe, akasimama wima kama mwanajeshi.

Aliokolewa na mashangazi. Waliingia wakicheza na vitenge, masufuria, godoro la sita kwa sita na mbuzi. "The aunties have gone overboard!"

Meza yetu ikaangua kicheko, maana safari hii binamu alipatia bila kujua. Overboard ni kule nje ya meli, majini. "Go overboard" ni kuzidisha kwa shauku. Utasikia kwa aliyenunua zawadi nyingi mno au aliyemimina pilipili bila huruma. Ni lawama, ila ya kutabasamu. Mbuzi naye akala utepe, kwa hiyo mstari ukawa haupo tena na baba mkwe akapita.

Tungeishia hapo, tungesalimika. Lakini mhudumu wa vinywaji akaja kumnong'oneza MC kwamba mirija ya soda imekwisha, umebaki mmoja. Binamu akaunyanyua juu ukumbi mzima uuone: "This is the last straw!"

Straw ya usemi huu si mrija, ni unyasi: ngamia kabebeshwa mzigo, ukaongezwa unyasi mmoja, mgongo ukavunjika. Mtu huutamka uvumilivu ukimwishia, dakika chache kabla ya kuacha kazi au kudai talaka. Mama mkwe alishainama kutafuta mkoba na kofia. Ilibidi niende mbele nikauchukue ule mrija, nije nao mpaka mezani.

Siku ya kuvunja kamati, binamu akasimama kuomba nyongeza ya elfu hamsini, kwa ajili ya lugha. Mweka hazina wetu ni shangazi, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, ambaye usiku ule wote alikuwa amekula mlenda wake kimya. Akafunga daftari la michango, akavua miwani.

"My son," akamwambia, "don't push your luck." Yaani, bahati imeshakubeba, usiichokoze zaidi.

Binamu akaniinamia sikioni: "Hapo wameongeza, sio?"