Nani Kakwambia Linux Haina WiFi?

"Dadangu, Linux haina WiFi. Hii turudishe Windows tu." Ndivyo alivyoambiwa binti wa jirani yangu hapa Majengo, na fundi aliyeketi nyuma ya meza iliyojaa laptopu zilizopasuliwa. Akatajiwa na bei ya hiyo Windows, ya wizi bila shaka. Wallahi nilipandwa na mori.

Tangu muda wa Microsoft kuihudumia Windows 10 ulipokwisha tarehe 14 Oktoba 2025, watu wanahamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Wachache kwa mapenzi, wengi kwa sababu laptopu zao za mtumba Windows 11 inazikataa. Kinachowakwaza mlangoni ni hiyo WiFi, na lawama yote hutupiwa Linux.

Hebu tuseme ukweli. Kadi ya WiFi inataka vitu viwili: draiva, programu ya kuiendesha kadi, ambayo imo ndani ya keneli (kiini cha Linux), na fimwea, kijiprogramu kinachopakiwa ndani ya chipu yenyewe kila inapowashwa. Draiva mtu baki anaweza kuiandika. Fimwea ni mali ya mwenye chipu, na asipotoa ruhusa isambazwe, hakuna wa kukuwekea kwenye diski ya kusakinishia Linux. Chukua Broadcom, kampuni ya kutengeneza chipu. Miaka nenda miaka rudi haikutoa maelezo ya chipu zake, mpaka watu wa kujitolea wakachambua draiva iliyokuwapo kipande kwa kipande: kundi moja likaandika maelezo, jingine likaandika draiva kwa kuyafuata maelezo hayo tu, wasije wakashtakiwa kuiba. Draiva yao ikaingia kwenye keneli mwaka 2006. Kazi ya watu wenye akili zao, bila malipo! Lakini fimwea? Mpaka leo, ukiwa na zile chipu za zamani, Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, inakupa kifurushi cha programu ambacho kazi yake ni kwenda kuipakua kwenye intaneti. Intaneti ipi, jamani? Ufunguo wamekufungia ndani ya nyumba, kisha wanakwambia karibu.

Na haya yanatupata Mombasa, mji ambao nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilitokea baharini mwaka 2009. Intaneti ya nchi nzima inapita miguuni petu, nasi tumekwamishwa na kifaili kidogo kuliko picha moja ya harusi.

Haya, nikiri kwa shingo upande: mwaka 2010 Broadcom hiyo hiyo ilitoa draiva ya wazi. Ya chipu chache. Ahsanteni sana. Na watu wa Linux nao si malaika. Debian iliikatalia fimwea kwenye diski zake rasmi, ati usafi wa itikadi, hadi wakapiga kura mwaka 2022, na Debian 12 ya Juni 2023 ndiyo ikaja nayo. Mgeni asiyejua kitu alikuwa akilipia usafi wa wengine.

Sasa yule fundi. Kuchomeka simu kwa waya wa USB na kuwasha kushea intaneti kungemshinda nini? Laptopu inapata mtandao papo hapo, bila WiFi. Kisha `lspci -nn` kwenye teminali, dirisha la kuandikia amri: namba ya kadi ya WiFi ikianza na 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 8086 ni Intel, na hiyo ya mwisho mara nyingi haina matata. Ukishaijua chipu unajua kifurushi cha kuweka. Ukiona kadi imeonekana lakini imezimwa, `rfkill list` itakwambia kama kuna swichi ya pembeni iliyoguswa. Na ukishindwa kabisa, nunua kidude cha WiFi cha USB, bora uulize chipu yake kwanza.

Ukienda kununua laptopu pale Moi Avenue, beba Linux kwenye flashi. Iwashe mbele ya muuzaji, uone kama majina ya WiFi za majirani yanatokea. Akikukatalia, mwachie laptopu yake. Duka la pili halipo mbali.