Lebo Niliyowashia Mkaa

Mama mkwe alivuka na pantoni kutoka Msangamkuu saa kumi jioni, kikapu cha ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kusini, ya kuchemsha, mkononi. Neno lake la kwanza baada ya hodi lilikuwa: "Mkwe, samaki msiniwekee. Samaki nimewaacha kule, huku sikuwafuata."

Neno hilo ndilo lililoniponza. Hapa Mtwara ukimwondolea mgeni samaki umebaki na kuku, na kuku wa kienyeji jioni ile alikuwa na bei ya mtu mwenye cheo. Mke wangu yuko zamu mpaka saa nne usiku. Jikoni nina viazi mviringo kilo moja na vitunguu viwili. Juu ya kabati, karibu kabisa na bati maana nyumba haina dari, kuna makopo matatu ya nyama ya ng'ombe aliyoyaacha mpangaji wa chumba cha uani alipohamia Lindi. Bure kabisa. Nikasema moyoni, leo mkwe wangu atakula Kizungu kwa gharama ya kitunguu.

Chakula chenyewe Waingereza hukiita hash, jina lililotokana na neno la Kifaransa la kukatakata, na kwao ni mlo wa siku za ukata: viazi, nyama ya kopo, kitunguu, basi. Huku kwetu hesabu inapinduka. Kiazi mviringo kinatujia na lori kutoka Njombe na Mbeya, kopo linakuja na meli, wakati muhogo uko nyuma ya nyumba na samaki anapitishwa mlangoni kwa baiskeli. Ubahili wa Mwingereza ukifika Mtwara unageuka anasa, isipokuwa kopo uwe umerithi.

Kipimo: kopo moja la gramu 340, viazi kilo moja, vitunguu viwili vikubwa, mafuta ya kupikia vijiko vitatu vya chakula, pilipili manga, ndimu. Wanakula watu wanne wenye njaa au sita wenye haya. Chumvi sijaitaja, na sijasahau.

Mama akaingia ndani kuswali alasiri, mimi nikatoka uani kuwasha jiko. Mkaa unataka kifuu cha nazi. Kinashika haraka, kinadumu, na hakitii harufu kwenye chakula. Maganda ya korosho, ambayo msimu ukifika unaweza kuyaokota popote, usithubutu: yana mafuta makali yanayochubua ngozi, na moshi wake utawatoa machozi hata majirani mnaopatana nao. Vifuu vilikuwa vimekwisha. Mafuta ya taa ya kuwashia ningelazimika kununua dukani. Nikayatazama makopo. Kila moja limevaa karatasi nene, inang'aa, ina ng'ombe.

Nikaivua ya kwanza. Ikawaka vizuri, ikazima. Nikavua ya pili; mkaa ukaanza kufikiria. Ya tatu ndiyo iliyomaliza mjadala. Nikabaki na makopo matatu uchi na moto mzuri mwekundu, najiona mchumi.

Viazi nikavimenya, nikavikata vipande vya sentimita mbili, ukubwa wa dadu kubwa, nikavitia kwenye maji baridi ndipo nikainjika. Hapo nilikuwa sahihi. Ukivitia kwenye maji yanayochemka, nje inaiva na kupukutika wakati ndani bado kigumu. Maji yakishachemka vipe dakika nane tu. Ncha ya kisu iingie, lakini kiazi kibishe kidogo. Kisha chuja, viache kwenye chujio dakika kumi vitoe mvuke vikauke, kwa sababu kiazi chenye maji kikiingia kwenye mafuta hakikaangiki, kinajichemsha upya.

Nikatia kijiko cha chai cha chumvi, kama tufanyavyo kwenye viazi vyote duniani. Nikafunika. Mama akamaliza kuswali, nikaenda kumsalimu rasmi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo? Watoto? Kazini? Na yule mdogo wako aliyeumwa mguu?"

Dakika nane hizo. Ila salamu za kusini haziendi kwa saa ya ukutani. Ukishaulizwa wa kwako, unauliza wa kwake, na wa kwake ni kijiji. Tulipomaliza wajomba tukaingia kwa mashangazi, tukapitia msiba mmoja na harusi mbili, na mkorosho uliokatika tawi. Niliporudi uani sufuria ilikuwa inatoa sauti ya matope. Viazi vya dadu havikuwepo. Kulikuwa na kitu cha kumpa mtoto wa miezi saba.

Dawa yake ipo, na nilikuwa naijua: mwaga maji yote, tandaza viazi kwenye sinia pana, peperusha, acha unyevu utoke. Vitakuwa vimepondeka, lakini vikikauka bado vinaweza kushika rangi. Nikatandaza. Nikageukia kopo.

Kopo hili halifanani na la maharage. Lina pembe nne, chini pana, juu pembamba. Umbo hilo lilianza Chicago mwaka 1875 na lina akili ndani yake: unafungua upande mpana, unatoboa kitundu upande mwembamba, hewa inaingia, na nyama inateleza yote kwa pamoja kama tofali linalotoka kwenye fremu. Usipotoboa, kopo linavuta ndani na wewe unavuta nje, na kopo halichoki.

Ufunguo wake unabandikwa ubavuni. Ulimi mdogo wa bati unauingiza kwenye tundu la ufunguo, unazungusha polepole, utepe ujiviringe juu yake wenyewe, sawasawa, kama mkeka. Ukienda mshazari utepe unatambaa hadi mwisho wa ufunguo na kukatika. Wangu ulikatika robo tatu ya safari. Nikachukua kisu na nyundo. Kingo za bati lile ni wembe mtupu, kwa hiyo shika kwa kitambaa kizito. Mimi nilishika kwa kanga ya mke wangu, na kanga ile leo ina matundu mawili katikati ya maandishi, ujumbe wake umebadilika maana.

Nikalipindua kopo nikitarajia tofali. Likatoka uji wa waridi, ukifuatiwa na mafuta.

Kosa lilikuwa juu ya kabati. Nyama hiyo imeshikana kwa mafuta yake, na mafuta ya ng'ombe yakikaa chini ya bati la Mtwara mchana kutwa yanalainika, nyama inalegea. Kabla ya kufungua, kopo lipoe kabisa. Asiye na friji ana ndoo: maji na vipande vya barafu, ile ile wanayonunua wauza samaki, saa moja. Mafuta yanaganda, nyama inakatika vipande safi. Baadaye niliambiwa kwamba maelezo hayo, pamoja na mchoro wa kuzungusha ufunguo, yalikuwa kwenye lebo.

Mama akachungulia. "Mkwe, mbona mbichi?"

"Si mbichi, mama. Imepikwa humo humo ndani ya kopo. Wekundu huo ni wa chumvi ya kuhifadhia."

Nilipotamka neno chumvi, kitu kikanigusa. Nikaonja nyama kwa ncha ya kidole. Ulimi ukarudi nyuma wenyewe. Kopo zima la namna ile hubeba karibu kijiko cha chai cha chumvi, au zaidi, tayari ndani. Mimi kimoja kilikuwa kwenye viazi. Na kwenye vitunguu, vilivyokuwa vinakaangika taratibu kwenye mafuta vikianza kuwa rangi ya dhahabu, nilikuwa nimeshaponda kidonge cha mchuzi, ambacho nacho ni chumvi iliyovaa koti.

Chumvi ikishaingia haitoki. Inapunguzwa kwa kuongezewa kitu kisicho na chumvi: viazi vingine, muhogo, chochote cha wanga. Viazi vimekwisha. Nikakitazama kikapu.

"Mama, hiyo ming'oko imetiwa chumvi?"

"Haijatiwa. Na kwenye kopo lako haiingii."

Nikakamua ndimu mbili. Ndimu haipunguzi chumvi, inaupotosha ulimi tu.

Sasa kukaanga, na hapa nitajisifu kwa sababu ndipo pekee sikukosea. Tumia kikaango kizito; sufuria nyembamba juu ya mkaa inaunguza katikati na kuacha pembeni bichi. Moto uwe makaa mekundu yaliyoanza kuvaa jivu, si miali. Viazi vinaingia juu ya vitunguu, unavigandamiza kwa mgongo wa mwiko viwe kama chapati nene, halafu unaondoa mkono. Huo ndio mtihani. Kila anayepika huu mlo mara ya kwanza anakoroga, na akikoroga hapati kitu. Dakika saba usiguse, chini kunatengenezwa ukoko. Sisi watu wa wali tunaujua ukoko, tunaugombania. Huku nao ni huo huo, ila wa kiazi. Unageuza vipande vipande, si yote kwa mkupuo kama sarakasi, unachanganya ukoko na ulaini, unagandamiza tena. Nyama inaingia hapo, mwishoni, kwa sababu imeshaiva. Inahitaji dakika tano tu za kupata moto na kuachia mafuta yake. Ikiingia mapema inakauka na kuwa nyuzi.

Harufu ilitoka. Jirani aliita juu ya ukuta, "Leo mna sherehe?" Paka wetu, ambaye maisha yake yote ni vichwa vya dagaa, alikuja akakaa mkao wa mtu anayesubiri kuitwa jina. Nikapakua kwenye sinia, pilipili manga juu, rangi ya kahawia, kingo zinapasuka zenyewe. Nikaweka mkekani, nikaleta maji ya kunawa.

Mama akanawa. Akanyoosha mkono. Akausimamisha hewani.

"Mkwe, nyama hii kachinja nani?"

"Ni ya dukani, mama. Ya nje."

"Nje wanachinja kila namna. Huwa wanaandika. Niletee karatasi yake, Kiarabu nasoma."

Ingekuwa kazi ya sekunde mbili. Nikaenda uani nikapiga magoti mbele ya jiko, nikapekua jivu kwa kijiti. Nikapata kipande kimoja ambacho moto ulikiruka, ukubwa wa stempu. Nikampelekea kwenye kiganja. Akakigeuza, akakisogeza kwenye taa.

"Huu ni mkia," akasema.

"Ndiyo, mama. Wa ng'ombe."

"Mkia si cheti."

Nikampigia mpangaji kule Lindi. Mtandao mkekani haushiki, ikabidi nitoke mpaka chini ya mwembe. Akacheka kwanza, kisha akasema, "Halali kabisa kaka, imeandikwa kubwa, Kiarabu na Kiingereza, chini ya tumbo la ng'ombe. Soma tu lebo." Nikamwambia lebo ilikuwa na shughuli nyingine. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na kwenye friji uliweka? Maana nayo imeandikwa." Nikakata simu.

Niliporudi, mama alikuwa anamenya ming'oko kwa utulivu, mgongo kwenye ukuta. Sinia lilikuwa limesogea nusu mita. Ukoko wote haupo, nyama haipo, vimebaki vitunguu vimetengwa pembeni kwa ustadi.

"Mama, paka!"

"Nilimwona. Nikajua wewe una mashaka nayo ndiyo maana umekimbia."

"Mpangaji kasema halali."

"Alhamdulillahi. Paka kapata."

Nikakaa. Akanisukumia kikapu. Tukala ming'oko mimi na yeye, na chai ya rangi, tukamalizia mashangazi waliobaki.

Mke wangu aliingia saa nne na nusu, akasimama mlangoni bado na mkoba begani. Paka alikuwa ameinamia beseni la udhu, miguu ya mbele ndani, anakunywa bila kupumua, anapumzika, anarudi tena.

"Huyu ana nini?"

"Mwache," mama akamjibu. "Mumeo kampikia."