Hifadhi Maji ya Kutosha

Meseji imeingia saa nne asubuhi, na adabu zake zote: "Ndugu mteja, kutakuwa na ukosefu wa maji kwa saa 48 kuanzia saa mbili asubuhi ya leo. Tunakushauri uhifadhi maji ya kutosha." Saa mbili. Ya leo. Na sasa hivi ni saa nne. Nihifadhi yapi, yaliyobaki kwenye birika?

Lakini tusiwe watu wa kulalamika. Mimi ni mtu mzima, shati nimechomekea, nitalizungumza jambo hili kwa utulivu. Tuanze na hilo neno "kutosha", maana aliyeliandika kalitupa pale kama mtu anayekwambia "nitakutafuta".

Kutosha kuna hesabu. Chukua lita 4 kwa kichwa kwa siku: mbili na nusu hadi tatu za kunywa kwa joto hili la Dar, zinazobaki ni za sufuria, mswaki na kumezea dawa. Nyumba ya vichwa sita, lita 24 kwa siku. Siku tatu, lita 72. Hapo ni madumu manne ya lita 20, na chenji ya lita nane kwa ajili ya mgeni, kwa sababu mgeni atakuja. Maji yakikatika kwao ndipo undugu unapokolea. Ukitaka wiki mbili, ni lita 336, madumu 17, kilo 340 za maji zimekaa chumbani kama wakwe. Na hapo choo hatujakigusa, nguo hatujazitaja. Waliokuwepo mjini 2022, mto Ruvu uliposhuka na mgao ukatangazwa kwa ratiba, hawatauliza wiki mbili za nini.

Haya. Maji tumeyahesabu, tutayaweka wapi? Dumu jipya lipo dukani, safi, na kizibo chake na mpira wake, na bei inayokufanya ujiulize kama maji kweli ni lazima. Kwa hiyo safari huishia kwa kijana wa madumu. Kayapanga ya njano kama timu inayopigwa picha, waliosimama nyuma, waliochuchumaa mbele.

"Karibu mzee, ya mafuta ya kula tupu hayo."

Unaliinua la kwanza, unaligeuza chini juu. Pale chini kuna mishale mitatu imefanya pembetatu, na namba katikati. Unaitafuta 2, na herufi HDPE hapo chini yake. Hiyo ndiyo plastiki ngumu inayobebea vyakula na maji.

"Mzee, unatafuta nini huko chini?"

"Namba."

"Namba ya nani?"

"Ya plastiki."

"Hilo ni plastiki mzee, mbona linaonekana tu."

Kwa hasira unaweza kumwona mjinga, lakini nusu ya ukweli anao. Namba inasema dumu limetengenezwa kwa nini, haisemi limelala na nani. Dumu la mafuta ya alizeti na dumu la dawa ya kuulia wadudu yanaweza kuvaa namba moja, na plastiki haisahau: harufu na kemikali zinaingia kwenye ngozi yake, halafu zinarudi kwenye maji taratibu, wiki baada ya wiki. Kwa hiyo baada ya macho, pua. Usichungulie shingoni tu. Fungua kizibo, weka pua, kisha libonyeze mbavu kwa mikono miwili ili likupumulie usoni. Lililoshinda juani limefungwa ndilo linasema kweli zaidi.

La kwanza linapumua alizeti iliyochacha. Hilo ni mgonjwa wa kutibika, liweke pembeni. La pili linapumua limau.

"Hili lilikuwa la nini?"

"Mafuta."

"Mbona lina limau?"

"Kuna mafuta wanaweka limau siku hizi. Mambo ya afya."

Sabuni ya kudekia hiyo. Rudisha. La tatu halinuki kitu, na hapo ndipo moyo unapodunda, kwa sababu lebo yake imekwanguliwa. Dumu lililokwanguliwa lebo ni sawa na mtu mwenye jina tofauti kila mkoa. Unaligeuza kwenye mwanga. Kona moja imebaki, na kwenye ile kona kuna nusu ya fuvu.

"Kijana, hii nini?"

"Hiyo? Picha ya mtu."

"Huyu mtu hana nyama."

"Atakuwa mfanyakazi wa kiwandani, mzee."

"Na hii mifupa miwili imepishana hapa chini?"

"Amekunja mikono."

Kufikia hapo watu wameshajaa. Mama mmoja anachukua matano bila kunusa hata moja, analipa, anakuangalia kama mtu anayenusa viatu vya watu msikitini. Kijana anaona wateja wanamponyoka, anapandisha sauti: "Mzee, nauza hapa miaka sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika!"

Ndugu yangu, hicho hasa ndicho kinachonitia wasiwasi.

Basi unashuka bei, anapanda, mnakutana elfu nne. Mimina maji nusu, funga, laza ubavu kwenye saruji kavu, kaa juu yake kidogo. Saruji ikilowa, sababu ni mbili tu: ufa kwenye mshono wa chini, au kizibo hakina mpira. Ufa, achana nalo. Mpira, utafute, maana kile kipande cha nailoni tunachokiweka chini ya kizibo tukadhani tumekuwa mafundi kinaachia siku dumu linapolazwa, na kinashika uchafu kwenye mikunjo.

"Na kizibo chake kiko wapi?"

"Kizibo kinauzwa kivyake mzee."

Nilisema tusiwe watu wa kulalamika?

Tuendelee. Dumu la mafuta halioshwi kwa kulisuuza na kuliombea. Maji ya moto, si yanayotokota, kwa sababu yanayotokota yatalilegeza liwe kama mandazi. Sabuni ya unga vijiko viwili vya chakula, na konzi ya mchele mbichi. Funga, tikisa mpaka bega liseme, mwaga, rudia hadi maji yanayotoka yasiache utelezi ukiyafikicha kwa vidole. Kuna mabingwa wanatumia mchanga na kokoto. Mchanga unakwangua mafuta, sawa, na unakwangua plastiki pia, na kila mkwaruzo ni chumba cha kupanga kwa vijidudu. Ule utando unaoteleza hujishika humo, na dawa hupita juu yake tu. Mchele haukwangui. Ukiwaza mchele ulivyopanda bei, omba chenga. Kisha jiki ya kawaida ya asilimia 3.5, isiyo na manukato: vijiko viwili vya chai kwenye lita moja ya maji, zungusha iguse kila kona mpaka kwenye mshikio, maana mshikio uko wazi ndani na ndiyo kona inayosahaulika. Subiri dakika moja, mwaga, suuza, lianike kichwa chini.

Kwa nini uhangaike na mafuta yote hayo wakati utatia dawa? Kwa sababu klorini, ile dawa iliyomo kwenye jiki, haina akili. Inapigana na chochote inachokikuta, na ikikuta mafuta inamalizia nguvu huko huko, wadudu wanabaki wanaishangilia.

Sasa kujaza. Bomba litazinduka saa nane usiku na litaanza kwa kukohoa. Upepo ule nao unaizungusha mita, ila hilo tuliache. Mamiminiko ya mwanzo ni ya kudekia: mabomba yakikaa matupu, pale palipotoboka hunyonya maji ya mtaroni, halafu presha ikirudi ya kwanza kuletewa ni wewe. Acha yatiririke kwenye ndoo mpaka yatakate, ndipo ulete madumu. Maji ya boza ni hadithi nyingine. Dereva ukimuuliza ameyatoa wapi, anakuonyesha kwa kidevu. Yatibu yote kama washukiwa.

Kidonge cha dawa ya maji cha miligramu 67 kinatosha dumu moja la lita 20, maji yakiwa meupe. Yakiwa na vumbi, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, kisha vidonge viwili. Huna vidonge? Jiki ile ile isiyo na manukato, nusu kijiko cha chai kwa dumu. Funga, tikisa, kisha fungua kidogo, lilaze yale maji yenye dawa yapite kwenye nyuzi za kizibo, maana mikono yote imepita pale. Subiri dakika 30. Fungua unuse: inatakiwa harufu nyepesi ya dawa. Isipokuwepo kabisa, kuna kitu kimeila, rudia mara moja. Harufu ikikataa tena, hayo ni ya bustani.

Na chupa ya jiki yenyewe ina umri. Ile iliyokaa juu ya dirisha tangu harusi ya dada yako ni maji yenye kumbukumbu tu. Kila miezi sita nunua nyingine.

Atatokea mtu aseme yeye anachemsha. Vizuri sana. Yatokote dakika moja kamili, wadudu watakufa. Ila yakishapoa hayana mlinzi. Kikombe kimoja chenye kidole na kazi yote imerudi mwanzo, kwa hiyo kama ni ya kuweka wiki, dawa bado. Na kisima cha chumvi usikichemshe ukitegemea kitalainika, mvuke unaondoka chumvi inabaki, unazidi kuipika supu. Ndugu zetu wa Arusha na floraidi yao, ni hivyo hivyo.

Pa kuweka. Dumu la njano linapitisha mwanga, na mwanga unafanya mambo mawili: unaiua klorini na unaotesha ukijani. Kwa hiyo uvunguni, juu ya vipande vya mbao, kanga kuukuu juu yake. Si kando ya dumu la mafuta ya taa wala petroli ya jenereta, hata kama yote yamefungwa, kwa sababu mvuke wa petroli hupita kwenye plastiki taratibu na mwezi ujao chai itanukia gereji. Bandika plasta, andika tarehe na neno KUNYWA kwa kalamu ya maka. Kinadharia unabadilisha kila miezi sita. Kiuhalisia hakuna atakayekumbuka, bora kila Jumamosi utoe moja la zamani ulipikie, ujaze jipya, liende nyuma ya foleni.

Mwenye simtanki anacheka hapo alipo. Acheke, ila apande akaangalie mfuniko. Tangi lisilofungwa vizuri ni hospitali ya wazazi ya mbu, na yule wa dengi anapenda maji masafi kuliko mtaro. Wiki moja, siku kumi, viluwiluwi wamepata mabawa. Chandarua kwenye bomba la kufurikia, mfuniko ubanwe.

Umemaliza. Umenusa, umetikisa, umetia dawa, umeandika KUNYWA kwa herufi kubwa. Anaingia shemeji kutoka mpirani, anavuta la kwanza, ananawa miguu. Akimaliza anachota ya kunywa kwa kikombe alichokiokota chini, kwenye ndoo, vidole vinne ndani. Mwambie amimine, dumu lina shingo nyembamba kwa sababu hiyo hiyo, mkono usiingie. "Nimeona limeandikwa kunywa," anasema, "sikuona limeandikwa kutonawa." Huyo ni mtu aliyesoma mpaka kidato cha sita!

Na sasa nalalamika, ndiyo, shati limechomoka, nalalamika kuhusu vizibo. Madumu matano yaliingia na vizibo vitano, vyekundu, vyenye mpira. Leo kipo kimoja. Dumu halipotei, maji yanaisha kwa sababu zinazoeleweka, lakini kizibo kinakwenda wapi? Nimeangalia uvunguni, kwenye kapu la nyanya, nyuma ya friji. Juu ya dumu la KUNYWA kuna gunzi la muhindi. Gunzi! Nusu kijiko cha chai cha dawa, dakika 30, gunzi.

Hapo dirishani linapita gari. Ni la watoto, bodi yake ni dumu la lita tano lililokatwa mlango, linavutwa kwa kamba ya katani, lina namba ya usajili na hata antena ya waya. Limeundwa vizuri, siwezi kusema uongo, linakata kona bila kupinduka. Magurudumu manne, mekundu.

Dereva nimemwita mara tatu. Anasema hili ni basi la mkoani, halisimami njiani.